Hao wageni wako wa mwaka wa kwanza

Shosti wangu,

Meseji yako nimeisoma, hongera na pole hapohapo, maana wamekutupia wanafunzi wapya wote alafu wakasema utajua mwenyewe. Ila hiyo ratiba ya kuwapokea uliyonitumia mwaya, siku tatu nzima za hotuba? Mkuu wa shule anaongea, wa taaluma anaongea, wa nidhamu anaongea, mlezi naye anaongea, na wote wanasema kitu kilekile, sekondari sio mchezo, jitumeni, mmekuwa wakubwa sasa. Mtoto anatoka pale kajaa woga na bado hajui choo kiko wapi.

Hotuba zote zibane asubuhi moja ziishe. Siku zinazobaki wape ratiba halisi ya masomo waitembee, yaani kengele inalia wanahama, kipindi cha pili maabara, cha tatu ghorofani, kila kipindi dakika kumi tu, mwalimu wa somo anajitambulisha, anasema anataka daftari gani, kazi zake zinakusanywaje, na nje ya kipindi anapatikana wapi. Utaona kama utoto ila fikiria, mtu alizoea walimu wachache wanaomjua mpaka mamake, sasa anapewa walimu wanane tisa, kila mmoja na mambo yake, wote wanatoa homuweki wiki ileile na hakuna hata mmoja anayejumlisha zimefika ngapi. Wengi wanazama hapo, wala sio kwenye ugumu wa masomo. Kila mmoja awe na kijidaftari kimoja cha kazi, anaandika siku ya kukusanya, na pembeni anaandika siku ATAKAYOANZA kuifanya. Hiyo ya pili ndo hawaiandikagi, na ndo yenye maana.

Sasa nikupe kitu ambacho mimi nakishikilia sana. Huko Chicago kuna watafiti wawili, Elaine Allensworth na John Easton, mwaka 2005 walitoa ripoti inaonyesha kwamba mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari bila kukwama kwenye masomo yake, uwezekano wake wa kuja kuhitimu ulikuwa zaidi ya mara 3.5 ya yule aliyekwama. Mwaka mmoja tu huo! Alafu 2007 wakachimba tena, wakakuta kwenye kujua nani atafeli mwaka huo wa kwanza, mahudhurio yanakwambia mengi kuliko maksi za mtihani alizokuja nazo. Kwa hiyo usikae unapanga watoto kwa maksi za kuingilia ukadhani umeshajua wa kuwaangalia. Yule mwenye maksi nzuri aliyeanza kukosa siku moja kila wiki ndo wa kumkimbilia, wa wastani anayekuja kila siku yuko salama kuliko yeye. Tafuta mtu mmoja, mmoja tu, kazi yake kila Ijumaa miezi miwili ya mwanzo apitie rejista, akiona mtu kakosa siku mbili ampigie mzazi simu ya kistaarabu, "tumemmis, yupo salama?" Barua ya wito itafuata baadaye kama hakubadilika kitu.

Jambo lingine, wafundishe kuuliza. Usiwaambie tu "ulizeni msiogope", kila mtu anawaambia hivyo na hawaulizi, kwa sababu hawajui swali linaanzia wapi. Mtoto akisema "sijaelewa" mwalimu naye anachoka, anarudia somo zima vilevile, mtoto anaitikia ndio ili yaishe. Wakae wawili wawili wafanye mazoezi ya kusema kwa mdomo, "mwalimu nimekufuata mpaka mstari wa tatu, huu wa nne umetokea wapi?" Watacheka mwanzoni, waache wacheke. Wafanyishe na ile ngumu zaidi, ya kumwendea mwalimu ofisini wenzake wakiwa wamekaa, wanapiga hodi, wanasalimia, wanasema shida kwa sentensi moja. Kiukweli ukiniambia nichague kitu kimoja tu kwenye wiki yako yote nachagua hiki, mengine tupa.

Wa mwaka wa pili uwatumie, sio wa mwaka wa mwisho, hao wameshasahau na wengine watawatuma madogo dukani tu. Na usichague viranja na vipanga peke yao! Chukua waliohangaika kidogo mwaka jana wakatulia, hao ndo wana la kusema. Waambie waandike karatasi fupi, nilipofika niliona kila mtu ana rafiki isipokuwa mimi, tesiti ya kwanza nilipata hivi, ikabadilika namna hii. Sio porojo, mwaka 2019 Geoffrey Borman na wenzake walitoa utafiti wa watoto zaidi ya 1,300 waliokuwa wameingia darasa la sita, wamehamia shule mpya kabisa, wakawapa usomaji mfupi wa aina hiyo na wao wakaandika mawazo yao, basi, waliopata zoezi hilo wakafeli masomo machache, utoro ukapungua na kesi za nidhamu pia. Wale walikuwa wadogo kuliko wako, ila woga wa kuhamia shule mpya ni uleule.

Na hiyo tesiti ya kwanza waambie kabla haijaja. Darasa lako limejaa watu waliokuwa wa kwanza huko walikotoka, na wa kwanza ni mmoja, kwa hiyo wengi watashuka namba bila kuwa wajinga. Mtoto asipoambiwa mapema anahitimisha mwenyewe, na anahitimisha vibaya.

Kwenye hesabu kuna wazazi watakuja na tuisheni, mtoto keshasomeshwa topiki za mbele. Sawa, ila wewe wapime kwenye hesabu za sehemu na kugawanya, namba hasi pia. Robert Siegler na wenzake mwaka 2012 waliangalia data za Marekani na Uingereza wakakuta uelewa wa sehemu na kugawanya mtoto akiwa na miaka 10 hivi unabashiri hesabu zake za sekondari, hata ukishaweka pembeni akili ya jumla na kipato cha familia. Asiyejua kujumlisha nusu na theluthi, aljebra itamla mzimamzima, na atadhani tatizo ni aljebra. Wiki mbili za kuziba hilo pengo ni bora kuliko kukimbizana na topiki mpya.

Kusoma nako, wengi wanajua kurudia noti kwa macho tu, full stop. Afunge daftari aandike anachokumbuka, afungue aone alichosahau. Watafiti Roediger na Karpicke walijaribu hilo 2006, baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa juu, baada ya wiki waliojipima ndo wakawa juu. Kwa hiyo usishangae wakikubishia, usiku wa leo njia yao inaonekana inafanya kazi.

Usingizi nisikuchoshe, masaa 8 mpaka 10 kwa umri huo, simu ilale chumba kingine. Watabisha. Waambie wazazi.

Wazazi wenyewe wape nusu saa, usiwape orodha ndefu. Mimi huwa nawaomba kitu kimoja, badala ya "umepata ngapi" wamuulize mtoto "leo umemuuliza nani nini". Wachache watafanya, wanatosha.

Basi ikate hiyo ratiba unitumie upya, na majina ya hao wa mwaka wa pili nayataka, kila mmoja na sababu ya kumchagua. Yule mtoro wako wa mwaka jana uliyekuwa unamlalamikia kila siku, si alitulia? Huyo usimwache, mpe grupu lake la wanafunzi wapya.

Wako,
mimi yuleyule