Watangazaji, tuambieni wimbo umetoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika humu kwamba wanamuziki wa leo hawajui kutunga, kazi yao kuchukua nyimbo za watu na kuzipachika ngoma mpya. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, redio inalia dukani kwangu tangu asubuhi mpaka Magharibi, na naona ndugu yetu amemkamata siye.

Kijana ninayemfundisha kushona anaupenda mno wimbo wa Cardi B na wenzake Bad Bunny na J Balvin, "I Like It", wa mwaka 2018. Siku aliponifungulia kwenye simu nilisimamisha cherehani. Kile kiitikio ninakijua tangu nikivaa sare za skuli. Ni cha Pete Rodríguez wa New York, 1967! Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, na kila akirudi sanduku lake lilikuwa na santuri nyingi kuliko nguo, jambo ambalo mkewe hakulisamehe. Kijana akabisha: "Bi Fundi, huu wimbo mpya." Nikamtangulia kuimba, simu ikanifuata. Akanyamaza. Akaenda kuutafuta ule wa zamani, na sasa huo ndio anaoniumiza nao kichwa kutwa.

Wajuzi watasema ule si jazz ya Kilatini hasa, yaani jazz iliyochanganywa na ngoma za Kuba; ni bugalu, mtoto wa ngoma ya Kuba iitwayo "mambo" na soul ya Wamarekani weusi. Haya, tuje kwa wanajazz wenyewe. Wengi wa rika langu "Oye Como Va" tuliijua kwa gitaa la Santana, 1970, tukadhani ni yake. Yake wapi! Ni ya Tito Puente, mpiga ngoma wa New York, aliyeirikodi 1962, na mwanzo wake umo ndani ya "Chanchullo" ya Cachao, mpiga besi wa Havana, Kuba, ya 1957. Ami alikuwa hataki tumsikilize mwimbaji. "Shukeni chini," akitwambia, "shikeni besi, ile sauti nzito." Ukishaishika besi, maneno yabadilishwe, lugha ibadilishwe, gitaa liwekwe juu yake, wewe unamjua mwenyewe ni nani. Kwa njia hiyo hiyo utawanasa bendi ya Steely Dan wa Marekani: "Rikki Don't Lose That Number", 1974, inaingia na besi ya "Song for My Father" ya Horace Silver, mpiga piano wa jazz. Silver aliitunga baada ya kutembea Brazil, na baba yake alikuwa mtu wa Cape Verde. Nami sifichi kwamba hilo la visiwa linanipa fahari, ingawa bahari yao si yetu.

Kingine cha kushika ni vijiti viwili ambavyo Wakuba wanaviita clave. Mapigo ni matano, matatu halafu mawili. Humwonyesha kijana wangu kwa kastabini juu ya meza ya cherehani: ta, ta, ta, kimya kidogo, ta-ta. Kazi yote iko kwenye kile kimya. Mwanzo alikuwa hana subira nacho, akiyarukia yale mawili kabla ya wakati wake, na wimbo ukienda kombo. Alipokipata, akaanza kuyasikia yale matano hata kwenye nyimbo zake za Bongo Fleva, akawa ananigongea yeye.

Na tusijifanye mambo haya ni mageni kwetu. Kuanzia 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza, HMV, ilileta Afrika santuri za Kuba zenye alama ya GV. Wakongo wakazipenda wakajitengenezea rumba yao, na Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Cairo, mwimbaji Mohammed Abdel Wahab alitia rumba na tango katika nyimbo ambazo wazee wetu wa taarab walizisikiliza kama darsa. Na asili ya ngoma za Kuba ni Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Sasa hapo mwizi nani?

Kuchukua hakunikeri. Kinachonikera ni kuficha. Santana alipouza santuri zake, Tito Puente alipata chake, kwa sababu jina lake liliandikwa pale. Na Diamond alipotoa "Salome" mwaka 2016, watu wazima walimtaja Saida Karoli palepale, na wengi tukamrudia yeye. Hasara iko wapi?

Lakini redio zetu! Nilipiga simu kwenye kipindi kimoja cha maombi, nikamwomba mtangazaji, akishapiga kile cha Cardi B, amtaje na Pete Rodríguez. Akacheka: "Bi mkubwa, hapa vibao vipya tu." Akakata. Simu yenyewe nililipia mimi.

Siombi kipindi kizima cha wazee. Naomba wimbo ukisha, mtangazaji aseme umetoka kwa nani na mwaka gani, na akiweza atupigie mwanzo wa ule wa zamani tuupime wenyewe. Nusu dakika inatosha. Matangazo ya sabuni yanachukua zaidi ya hapo, tena yanarudiwa.

Bi Fundi,
Jadida, Wete, Pemba