Risala ya klabu ya karate kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuvishwa mikanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, sensei wetu anayetufundisha karate, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuitoa Jumamosi yako na kuja kukaa nasi katika joto hili la Dar es Salaam. Ukumbi uliokaa ndio dojo yetu, yaani mahali petu pa mazoezi. Jumatatu hadi Ijumaa ni bwalo la chakula. Ikifika saa kumi jioni tunarundika meza kwenye kona ile, tunafagia punje za wali na maharage, tunapiga deki, ndipo tunavua viatu na kuingia. Anayefagia si mwanafunzi mgeni peke yake. Kaka zetu wenye mikanda ya kahawia, waliokaribia mkanda mweusi, hushika fagio kwanza, na mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, akichelewa hukuta sakafu imeshakauka, akaona haya mwenyewe bila kusemwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtaani wanatuita akina Bruce Lee. Tumezoea, ingawa Bruce Lee hakuwa mtu wa karate, na yeye mwenyewe nadhani angetukataa. Linalotuumiza ni wazazi wanaoamini kwamba hapa mtoto anafundishwa ukorofi kwa ada. Kwa heshima zote, tunaomba watusikilize leo.

Karate kuingia shuleni si jambo la jana. Kule Okinawa, Japani, mwalimu Anko Itosu aliiingiza katika shule mwaka 1901, akaipunguza makali ili iwafae watoto. Mtindo wetu, Goju-ryu, ni wa Chojun Miyagi, mwana wa Okinawa pia, na kata ya kwanza tunayofundishwa hapa, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa, Gekisai Dai Ichi, aliitunga mnamo mwaka 1940 akiwafikiria vijana na watu wanaoanza. Hapa jijini Goju-ryu ilianza kufundishwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, katika dojo ya Zanaki. Kwa hiyo hatufanyi jambo geni, tunaendeleza kazi ya wazee wetu.

Sasa, tunachojifunza ni nini? Ngumi na teke mtu anaweza kujifunza popote, hata kwa video. Kinachochukua miaka ni kuizuia ngumi. Katika kumite, yaani pambano la watu wawili, unatakiwa kurusha kwa kasi yote, kwa nia yote, kisha mkono usimame kabla haujamuumiza mwenzako usoni. Mkanda mweupe hawezi. Hurusha polepole akiogopa, au hurusha kwa nguvu akapasua mdomo wa mtu. Sensei humrudisha mstarini, anahesabu kwa Kijapani ichi, ni, san (moja, mbili, tatu), na mtoto anarudia tsuki, yaani ngumi, ileile mpaka jua linazama. Inachosha, na tusidanganyane, wengi huacha hapo. Walikuja kutafuta mateke ya kuruka, wakakuta kupiga magoti, kunyamaza na kurudia.

Tulioendelea tuliuona ukweli wa jambo hili tarehe 7 Agosti 2021, siku ya mwisho ya karate katika Olimpiki ya Tokyo. Fainali ya wanaume wa uzito wa juu, ukumbi wa Nippon Budokan: Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Anarusha teke la juu, linampata mwenzake kichwani, Ganjzadeh anaanguka na kuzimia. Asiyeijua karate angeshangilia. Waamuzi wakakaa, wakajadili, wakamwondoa Hamedi kwa kuumiza kupita kiasi. Dhahabu akapewa aliyetolewa kwa machela. Saudi Arabia ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Hapa klabuni tumebishana sana juu ya uamuzi ule, na hadi leo wapo wanaosema Hamedi alionewa. Lakini hakuna hata mmoja anayebisha kuhusu kanuni yenyewe, na kijana wa miaka kumi na sita anayeielewa kanuni hiyo ni vigumu kumkuta akipigana kwa sababu ya kukanyagwa kiatu kwenye daladala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo jingine huwa gumu kwa wakubwa kulimeza. Dojoni hatupangwi kwa vidato. Yupo binti wa kidato cha pili mwenye mkanda wa kijani ambaye ndiye anayewahesabia kaka wa kidato cha nne walioanza mwaka huu. Akisema shuka, wanashuka. Akisema mkao mbovu, wanajibu "osu", yaani tumesikia, na kurekebisha. Jioni hiyohiyo wakikutana mabwenini, binti anawaamkia kama kawaida. Mwanzoni kulikuwa na minong'ono. Siku hizi wanamfuata awarekebishie mawashi geri, lile teke la kuzungusha mguu.

Na kwa kuwa tumetaja mabinti: siku ileile ya fainali tuliyoisema, Feryal Abdelaziz wa Misri alitwaa dhahabu, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kupata dhahabu ya Olimpiki. Wazazi mnaowatoa mabinti klabuni wakifika kidato cha tatu, mkisema sasa wamekuwa wakubwa, huo ndio umri ambao mwili umeanza kutii. Tunawaomba muwaache.

Hatukosi shida. Sakafu hii ni saruji. Magoti na visigino vinalipa. Glavu na kinga za ugoko tunapokezana zikiwa na jasho la aliyetangulia, na kinga za meno, ambazo haziwezekani kuazimana, wengi hawana. Mashindano ya nje ya mkoa tunayasikia kwa wenzetu kwa sababu ya nauli.

Tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata mikeka ya kufanyia mazoezi na seti chache za vifaa vya kujikinga. Nauli tutachangishana na wazazi tukianzishiwa. Ombi la pili ni kwa Mkuu wetu wa Shule: vipindi vya karate visifutwe kipindi cha mitihani. Saa moja ya jasho haijamfelisha mtu.

La mwisho linahusu mikanda utakayotufunga muda si mrefu. Orodha aliyonayo sensei ni fupi kuliko idadi ya waliofanya mtihani. Kuna mahali mkanda hupatikana kwa kulipia. Hapa wapo wenzetu watakaobaki na rangi waliyokuja nayo, na wazazi wao wamekaa humu ukumbini. Ukimaliza kutufunga sisi, tunaomba uwape mkono na wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Osu!