Kabla hujaenda kwenye hicho kikao

Swahiba yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta habari za mama tu, mengine nikayaruka. Namshukuru Mungu jeraha limekauka na usingizi umeanza kumrudia. Mwambie nitakuja kumwona kabla mwezi haujaisha, na safari hii sitaleta visingizio.

Mara ya tatu ndipo nilipokwama kwenye ule mstari wako: "Tukimtia mkononi tena, hafiki kituoni." Laiti ungeuandika kwa hasira ningeupuuza. Umeuandika kwa utulivu, kama mtu anayepanga kuhama nyumba.

Sitakwambia usikasirike. Mtu ameingia chumbani kwa mama yako usiku, kampiga na nondo, na siku ya tano unapishana naye njiani anapiga mluzi. Hata mimi damu ingenichemka. Ila mtaa mzima mmelichukua vibaya jambo moja: dhamana si kuachiwa huru. Kesi ipo pale pale, na akianza kutisha mashahidi unaweza kwenda kuomba dhamana yake ifutwe. Umekwenda? Umeniandikia nani atakaa kona gani usiku wa manane, lakini namba ya kesi sikuiona popote.

Na kuna hili linalonikosesha raha zaidi. Umesema mama alimtambua kwa kimo na sauti. Taa si ilikuwa imezimwa?

Nikukumbushe kisa cha San Francisco. Februari 1851, mwenye duka mmoja, Charles Jansen, alivamiwa na kupigwa hadi akapoteza fahamu. Akakamatwa Thomas Berdue. Jansen akiwa kitandani akamtazama, akasema ndiye. Watu wakadai huyu ni James Stuart, jambazi aliyekuwa akitafutwa kwa mauaji. Berdue akaapa kwamba yeye siye, lakini nani amsikilize? Maelfu wakajaa barabarani wakitaka anyongwe palepale. Kilichomponya siku ile ni kwamba wale waliojiteua kuwa baraza la kumhukumu walishindwa kuafikiana. Baadaye mahakama halali ikamfunga, na kesi ya mauaji ilipofuata akahukumiwa kunyongwa. Julai ya mwaka huo huo Stuart halisi akakamatwa, akakiri yote, ndipo Berdue akatoka.

Najua utakavyonijibu, maana nakujua. Utasema mahakama nayo ilikosea, na waliomnasa Stuart ni ile kamati ya raia waliojichukulia sheria mkononi. Kweli kabisa. Hakimu naye ana macho mawili kama mama yako. Lakini tazama kilichomwokoa Berdue: miezi mitano. Ule ucheleweshaji unaoulaani kila ukurasa wa barua yako ndio uliompa nafasi mtu mwingine kukamatwa. Kamba ya Februari isingesubiri ya Julai. Kamati yenyewe ilinyonga watu wanne mwaka huo, na hao hawakuwa na mahali pa kukata rufaa.

"Siku za mwizi ni arobaini," umeniandikia. Sawa, lakini methali inamtaja mwizi, haimtaji anayefanana naye.

Halafu hilo la "tutakuwa wote, nani atamshtaki nani?" Yaliwahi kutokea hivyo hivyo Marekani, katika mji mdogo wa Skidmore, jimbo la Missouri. Ken McElroy aliusumbua ule mji kwa miaka mingi. Alipompiga risasi mzee muuza duka alitiwa hatiani, akakata rufaa, akawa nje kwa dhamana, kama huyu wenu. Tarehe 10 Julai 1981 akauawa kwa risasi mchana kweupe ndani ya gari lake, mbele ya watu kadhaa wa kadhaa. Ukimtoa mkewe, hakuna aliyesema ameona nani, na hakuna aliyeshtakiwa hadi leo. Kwa hesabu yako mpango ulifaulu. Mimi huwaza zile asubuhi zilizofuata: unakwenda dukani, unayemsalimia anajua, nawe unajua kwamba anajua, na mtoto wako anauliza yule mtu alikufaje.

Sijasema mkae mkisubiri kuvamiwa. Akivunja mlango usiku, mzuieni. Sheria karibu kila mahali inakuruhusu kujitetea kwa kadiri ya hatari iliyopo. Mkimkuta na mali mkononi, nchi nyingi zinamruhusu raia amkamate na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Fanyeni zamu, wekeni taa, nunueni filimbi. Lakini akishalala chini amefungwa mikono, hatari imekwisha. Kila pigo baada ya hapo ni hukumu, na nani kawapa kiti cha hakimu?

Kuna mmoja ambaye mpaka leo nashindwa kumnyooshea kidole. Marianne Bachmeier, wa Ujerumani Magharibi, bintiye wa miaka saba aliuawa. Machi 1981, siku ya tatu ya kesi mjini Lübeck, aliingia mahakamani na bastola akamuua mshtakiwa pale pale. Alifungwa miaka sita, akatumikia nusu. Ningekuwa mmoja wa waliomhukumu sijui ningeweza kumtazama usoni. Hata hivyo yule mtu alikuwa ameshakamatwa, kesi inaendelea, hukumu iko njiani. Huruma yangu kwake haipungui. Ila naweza kumwelewa mtu bila kulifanya alilotenda kuwa utaratibu wa mtaa. Tena yeye alifyatua mwenyewe, mbele ya majaji, akakamatwa kwa jina lake. Ninyi mnataka kujificha ndani ya umati, kesho magazeti yaandike "wananchi wenye hasira kali". Huyo mwananchi mwenye hasira kali umewahi kukutana naye? Hana jina wala sura. Hatafutwi na mtu.

Mimi nimewahi kukutana naye. Hili sijakuhadithia miaka yote hii. Nilikuwa natoka kazini, nikasikia "Mwizi!", kijana akanipita mbio, kundi nyuma yake. Nami nikakimbia. Kwa nini, sijui. Miguu ilikwenda tu. Tulipomfikia alikuwa ameshaanguka, na mimi nina kipande cha tofali mkononi ambacho sikumbuki nilikiokota wapi. Mama mmoja akauliza, "Kaiba nini?" Mmoja akasema simu, mwingine akasema mtoto. Hakuna aliyesubiri jibu la tatu.

Nilirusha, swahiba. Kama lilimpata sijui. Polisi walifika, wakambeba akiwa anapumua, tukatawanyika kama watoto waliovunja dirisha. Usiku ule nilikula nikashiba, nikalala. Hilo ndilo linalonitisha kuliko lile tofali. Nilianza kumwota baada ya wiki mbili, na mpaka leo sijajua kama aliiba kitu.

Kwa hiyo kikao chenu cha Jumamosi nakuomba usiende. Au nenda, lakini waulize mbele ya wote swali la yule mama, uone wangapi watajibu sawa. Ijumaa niko huru kutwa. Nitafute namba ya kesi pamoja nawe, twende kwa mwendesha mashtaka, na kama hatatusikia twende kwa mkubwa wake. Nitakaa nawe kwenye benchi hata tukiitwa mara kumi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu nimeuliza kama bado anasikia baridi usiku.

Wako,
yule yule wa siku zote