Majibu ya mimba yangu nielezwe mimi

Mhariri,

Mimi na mume wangu wote tumebeba kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuumwa, hivyo kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuugua. Kipimo cha maji ya uzazi, nilichofanyia Nairobi baada ya wiki ya 15, kimeonyesha huyu aliye tumboni anao ugonjwa. Niliporudi, daktari wa hapa akamweleza mume wangu na mama mkwe, mimi nimelala palepale!

Nimeamua kuzaa. Mwingine angeamua vingine, simhukumu. Ila niliuliza penisilini ya kumkinga mtoto na maambukizi inaanza lini, na haidroksiyurea, dawa ya selimundu, bima inalipa? Nikajibiwa, "Mungu atajalia." Mungu namwomba kila siku. Daktari nilimuuliza dawa.

Mama Neema,
Musoma