Malalamiko: DVD za harusi mlizonichomea zimepauka

Habari za kazi,

Mimi ni yule mteja wa kanda ya VHS ya harusi ya dada, ya Tanga mwaka 1998, risiti ninayo na picha yake nimeambatanisha. Kutoka kwenye kanda hiyo mlinichomea DVD tatu, yangu, ya dada na ya mama, hela nikatoa yote siku hiyo hiyo maana mlisema bila kulipa zote kazi haianzi. Haya. Jumapili tukakusanyika kwa mama, visheti vipo, juisi ipo, watoto wamekaa chini wanasubiri kumuona mama yao bi harusi, naweka DVD, picha imepauka kama kuna mtu kamwaga maziwa kwenye kioo.

Na sio ubishi wangu. Mabuibui ya mashangazi, meusi tii, yote yamekuwa kijivu, wamekaa mkekani kama waliopakwa majivu, halafu shela la dada ambalo siku ile lilikuwa linang'aa mpaka macho yanauma limegeuka rangi ya uji. Mama akaniuliza, kwani siku ile kulikuwa na vumbi?

Nikapiga simu, kijana wenu akanijibu kanda imezeeka. Jamani deki ya mama bado nzima! Jioni ile ile nikachomeka deki kwenye TV, nikaangalia, nikachomoa nikaweka deki ya DVD, waya ule ule wa njano nyekundu na nyeupe, setingi za TV sijagusa hata moja. Kwenye kanda buibui ni nyeusi. Kwenye DVD ni kijivu. Kanda ina chenga zake kule chini najua, VHS ni VHS sikutegemea miujiza, ila weusi wake upo. Halafu TV yenyewe ni hizi pana na picha ya zamani haiijazi, kwa hiyo pembeni TV inaweka vile vipande vyeusi, shangazi mmoja kakaa karibu kabisa na kipande, hapo hata mtoto anaona kipi cheusi na kipi kijivu.

Kijana akaniambia tena nipunguze mwangaza kwa rimoti. Nimepunguza, buibui ikakaribia kukolea lakini shela ndo likazidi kufifia, na ilipofika taarifa ya habari ya saa mbili usiku TV ikawa giza totoro. Yaani TV nzima niivuruge ili DVD yenu iangalike?

Ikabidi nimpelekee jirani anayeedit video. Kafungua faili kwenye kompyuta, kuna kigrafu kinaonyesha mwanga wa picha kwa namba. Kwenye DVD weusi kamili unatakiwa ukae 16 na weupe 235. Ya kwenu weusi unaishia kama 30, haushuki hapo harusi nzima, na weupe unagota 218 hivi. Akacheka, akasema hii imebanwa mara mbili, picha iliingia kwenye mashine yenu tayari ikiwa 16 mpaka 235, programu ya kuedit ikaichukulia ni picha ya kompyuta, ambayo weusi wake ni 0 na weupe 255, wakati wa kutoa ikaibana upya, ndo 16 ikawa 30 na 235 ikawa 218. Setingi moja tu jamani! Na kama mmeiacha hivyo basi sio mimi peke yangu, kila harusi inayopita hapo kwenu inatoka na ukungu.

Akajaribu kuivuta irudi. Weusi ukarudi kweli, ila ukuta wa nyuma ukawa na ngazi ngazi na viboksi vikajitokeza vizuri zaidi, maana mmebana masaa matatu kwenye DVD moja ya giga 4.7, ukigawanya hiyo ni kama megabiti 3.5 kwa sekunde na sauti humo humo, wakati DVD inaruhusu picha peke yake mpaka 9.8. Kwenye taarab wamama wanapoinuka kutunza mikono yao ni viboksi vitupu, noti hata huioni.

Kwa hiyo msinirekebishie hiyo DVD, hapana. Nataka mrudie kutoka kwenye kanda, mrekebishe hiyo setingi kwanza, mgawe kwenye DVD mbili kwa kila seti, na faili la mwanzo kabla halijabanwa mniwekee kwenye flashi, flashi nitaleta yangu. Na sitoi hata mia. Kama hamuwezi nirudishieni hela niende kwingine.

Jumamosi asubuhi nakuja na kanda pamoja na deki ya mama, tuangalie wote dakika tano za kwanza kwenye TV yenu kabla hamjachoma. Kanda siiachi, nitakaa hapo hapo mpaka iishe, hayo masaa matatu ninayo.

Mteja wenu wa kanda ya Tanga