Barua kwa Vijana Mnaokuja Kututembelea Unguja

Wajukuu zangu,

Assalamu alaykum. Nawaandikieni nyinyi mnaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kuja kupumzika kwetu, na sitaficha kwamba naandika nikiwa na hasira. Jumamosi iliyopita, nikiwa nimekaa barazani katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, niliwaona vijana watatu wakiingia na simu zao katika nyumba ya jirani yangu, ambaye wakati ule alikuwa uani anakuna nazi, kichwa wazi, kama mtu anavyokuwa kwake. Mama wa watu alikimbilia chumbani, akaiacha mbuzi na nazi yake. Nilipowauliza, mmoja akanijibu, "Mzee, mlango ulikuwa wazi."

Mlango wetu huachwa wazi ili upepo upite. Mtu hupiga hodi. Hodi hupigwa mara tatu, kwa kituo, mpigaji akiwa amesimama pembeni ili macho yake yasitangulie ndani, ukiulizwa "Nani?" taja jina, maana "mimi" si jina la mtu, na usipoitikiwa mara ya tatu, ondoka bila kinyongo. Kwa sisi Waislamu hili si la hiari, kwani Sura ya An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu kabla ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Hata ukiitikiwa "karibu", hujaruhusiwa kufika uani. Baraza ya nje ipo ili mgeni akae nasi bila kuwabughudhi waliomo.

Mengine mngeyajua kwa kuuliza tu: vueni viatu mlangoni, peaneni vitu kwa mkono wa kulia, jistirini mnapokwenda sokoni Darajani, msile njiani mchana wa Ramadhani, wala msimpige mtu picha kabla hajakubali.

Lawama si yenu peke yenu. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na baadhi ya mapapasi wetu, yaani waongoza watalii wa mitaani, huwatembeza wageni vichochoroni kana kwamba wenyewe walikwishahama, huku sisi wazee tukinyamaza kwa haya, kisha tukikaa kuwasengenya.

Vijana wale hawakuwa na nia mbaya. Msichana wao aliniamkia vizuri, macho chini. Kama wangali Unguja, warudi, yeye atangulie, wapige hodi na kuomba radhi. Tangu siku ile mlango wa jirani yangu hushinda umetiwa komeo, na upepo haupiti tena.