Rehema, zile fimbo za gofu za Mzee bado zipo?

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Rehema wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo, watoto wazima, Baba Asha naye mzima ila kile kikohozi chake hakijamwacha. Natumaini nanyi huko Moshi hamjambo wote, na Bibi mguu umepata nafuu.

Utashangaa kupata barua badala ya meseji. Meseji nimeiandika mara tatu nikaifuta. Jambo lenyewe linamgusa marehemu Mzee wenu, na mimi kwa Mzee nina deni kwa sababu sikufika kumzika. Uliponipigia ile Alhamisi, Asha alikuwa kitandani na dripu mkononi, nikasema nitakuja arobaini. Arobaini nayo ikapita. Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Pokea pole yangu tena, umfikishie shemeji, umfikishie na Bibi. Nikija nitakwenda kaburini kabla sijanywa hata chai.

Sasa jambo lenyewe. Nimeanza kucheza gofu.

Najua unacheka, cheka, lakini nisikilize. Unamjua Zubeda akishika lake. Alituandikisha wote wawili kwenye mafunzo ya wanaoanza, kila Jumamosi, na mimi nikakubali kwa ajili ya kutembea tu, maana daktari alishaniambia sukari yangu iko mpakani. Kumbe hicho kitu kina kutembea kweli, ukimaliza mashimo yote 18 umekula kilomita nane au zaidi. Saa kumi na mbili na nusu tuko uwanjani, nyasi zina umande, yangeyange wanaifuata mashine ya kukata majani wakiokota wadudu. Kwa saa mbili hivi huwezi kuamini kwamba uko Dar. Halafu jua linakuwa kali na unakumbuka.

Mwalimu wetu ni kijana mpole sana, alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji akiwa mdogo. Siku ya kwanza alitugawia fimbo za kuazima. Zote za mkono wa kulia. Nikamwambia mimi ni mashoto, akasema kwa pole kabisa kwamba za shoto hakuna, tuanze na zilizopo.

Rehema, Jumamosi tatu! Mpira umetulia pale chini, haukimbii, haudundi, hakuna mtu anayekuja kukunyang'anya, uzito wake haufiki gramu 46. Nanyanyua fimbo, nashusha, fimbo inapita juu. Mwalimu anasema ukikusudia kuupiga ukaukosa, huo nao ni mkwaju, unahesabiwa. Nikapiga tena, nikachimbua udongo. Mwili wangu ulikuwa unabishana wenyewe kwa wenyewe. Na jambo lililonirudia kichwani muda wote ni darasa la pili.

Unakumbuka dawati letu? Wewe kushoto, mimi kulia, viwiko vyetu vinagongana kila tukiandika imla, unanisukuma, nakusukuma. Halafu rula. Ile rula ya mbao ilikuwa inashuka kwa ubavu wake juu ya vidole, siyo kwa bapa. Mpaka leo naandika kwa kulia, na mwandiko wangu unauona hapa ulivyo. Lakini kufagia ni kushoto, kukata kitunguu ni kushoto, kurusha jiwe ni kushoto. Bibi yangu naye nyumbani alikuwa na lake: mkono wa kushoto haupokei, hauli, haumpi mtu kitu. Hayo ya bibi yangu sina ugomvi nayo, ni adabu, na wanangu nimewafundisha vivyo hivyo. Ila adabu ya kupokea sahani ni kitu kimoja na kazi ya mkono ni kitu kingine. Kumpiga mtoto vidole kwa sababu ya upande alioumbwa nao, hilo sijaliona sababu yake mpaka leo, na nilipokuwa nimesimama pale na fimbo ya kulia nilijisikia niko darasa la pili tena. Nilitaka kuacha. Nilishamwambia Baba Asha kwamba Jumamosi ijayo siendi.

Nikaenda. Mpira wa mtu mwingine ukabingirika mpaka miguuni kwangu, nikauokota nikamrushia mwenyewe. Ni mzee mmoja, mstaafu wa jeshi nadhani kwa jinsi anavyosimama. Akanitazama, akasema, "Mama, wewe mbona ni shoto?" Akaja na fimbo yake ya shoto, ile wanayoiita namba saba. "Simama upande huu. Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini yake. Usiulazimishe mpira upae, fimbo yenyewe imelazwa uso, itaunyanyua. Wewe shuka nao tu."

Nikashuka nao. Sijui nikuelezeje mlio wake. Ni kama kijiti kikavu kinapovunjika, na mikononi huhisi chochote, ndiyo ajabu yake. Nilipoinua macho mpira ulikuwa juu ya yangeyange, ukauvuka ule mwarobaini ambao mpira wa Zubeda mpaka leo haujaufikia, ukaangukia ng'ambo. Zubeda akapiga kigelegele katikati ya uwanja, watu wakageuka. Mimi machozi yalinitoka, nakwambia kweli. Miaka 43 nimeishi na mkono huu.

Tangu hapo mwalimu na mimi tuna mjadala usiokwisha. Yeye bado anashauri nibaki kulia, na hoja yake si ya ovyo. Anasema anayecheza kulia, mkono unaoongoza fimbo ni wa kushoto, kwa hiyo mashoto akicheza kulia mkono wake wenye nguvu ndio unaokuwa mbele. Anasema pia mashoto wengi wamefanya hivyo, kwa sababu fimbo za kulia ndizo zinazopatikana. Nikamuuliza, sasa wale wa kushoto waliofika juu? Akanitajia Bob Charles wa New Zealand, mchezaji wa kwanza wa kushoto kushinda moja ya yale mashindano makubwa kabisa, mwaka 1963 huko Uingereza. Akanitajia Phil Mickelson, Mmarekani. Na huyu Mickelson, Rehema, mambo yake mengine yote anafanya kwa mkono wa kulia! Alipokuwa mtoto alisimama akimtazama baba yake anavyozungusha fimbo, akamwiga kama anayejitazama kwenye kioo, basi akawa wa kushoto mpaka leo. Hakuna aliyemwambia geuka. Nimelifikiria hilo wiki nzima, jikoni, kwenye daladala, kila mahali.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mzee.

Siku ile ya mahari yako, mimi na kina Zubeda tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi za mtori, maji ya ndizi yametuganda vidoleni. Mzee akapita, akasimama juu yangu. Nikadhani nimekosea, nikahamisha kisu haraka kwenda kulia. Akaniambia, "Rudisha kisu ulipokuwa, mwanangu. Na mimi ni mkono huo huo." Kisha akaenda chini ya ule mparachichi na fimbo yake, akawa anasukuma mipira kwenye kopo alilolizika ardhini. Nilikuwa sijui gofu ni nini. Nilichoona ni mtu mzima mwenye heshima zake akifanya kitu kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni, na hakuna anayemsema. Sikuwahi kumshukuru. Sikwenda hata kumzika.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ukiona halifai uniambie bila kuzunguka, urafiki wetu hautapungua. Zile fimbo zake zilizokuwa stoo, kama hakuna mtoto wala mjukuu anayezitaka, naomba niziazime. Nikisema kununua Bibi atanielewa vibaya, lakini kama familia ina bei, nitalipa. Huku za shoto ni za kuagiza, na bei niliyotajiwa inazidi mshahara wangu wa mwezi. Wala sihitaji zote. Sheria inaruhusu mtu kubeba 14, mimi nikipata namba saba, namba tisa na ile ya kusukumia mpira shimoni zinanitosha mwaka mzima. Zikiwa na kutu si neno, nitazisugua mwenyewe.

Usimuulize Bibi kwa ghafla. Mchague siku amekaa vizuri, umwambie ni Tatu, yule aliyemenya ndizi kwa kushoto. Labda atakumbuka.

Kabla hamjazifunga, hakikisheni ni za shoto kweli, maana Mzee alikuwa pia anawawekea wenzake mifuko yao. Simamisha fimbo mbele yako, kichwa kimekaa sakafuni, ncha yake imeelekea mbali na wewe. Uso wa kupigia ukitazama kulia kwako, hiyo ni ya shoto. Ukitazama kushoto kwako, iache. Zikipatikana, zifungeni kwenye kiroba na kitenge cha zamani, mpe kondakta wa basi, mimi nitakuja kuzipokea stendi ya Magufuli hapa Mbezi hata iwe usiku.

Na usidhani ni mchezo wa mabwana wakubwa tu. Mwalimu kila mara anatutajia Madina Iddi wa Arusha, ameichezea nchi, na sisi wanawake pale Jumamosi tumefika saba.

Haya, nijibu. Bibi anatembea mwenyewe sasa au bado fimbo ya kutembelea? Shemeji amerudi kazini? Neema matokeo vipi, na ule mpango wa uuguzi upo pale pale? Ule mparachichi mliukata au upo? Na kopo la Mzee, bado limo ardhini chini yake? Wewe mwenyewe unalala, Rehema, au bado unaamka usiku kama ulivyoniambia? Na mdogo wake Neema, yule wa mwisho, anaandika kwa mkono gani? Maana kwenye ile picha ya Pasaka niliona kijiko kiko kushoto.

Wako,
Tatu